Saa ya Mzee Shekiondo

Saa ya Mzee Shekiondo ilikuwa na pistoni nane zilizopanda na kushuka chini ya kioo kama injini ya gari la mashindano. Kama saa zote za wakubwa siku hizo, ilikunywa damu ya uzao wa mwenye saa, matone kumi kila asubuhi.

“Baba, daktari amenikataza,” alisema Hiari, binti yake wa pekee. “Damu imepungua, na mimba ni ya miezi minane.”

“Leo nina wageni, mwanangu. Ikisimama nitaaibika.”

Akamchoma sindano kidoleni, akakamua. Pistoni zikanguruma. Mzee akaiweka saa sikioni, akatabasamu, kisha akaliangalia tumbo la bintiye.

“Vumilia kidogo. Mjukuu wangu akizaliwa, wewe utapumzika.”

Hiari akalifunika tumbo kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa ameshaanza kunywa chai.