Kidonge cha Manjano

Binti mtafiti wa kasoro za kuzaliwa aliweka juu ya mkeka kadi ngumu iliyobandikwa vidonge halisi, safu nne. "Mama, miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, ulimeza chochote kati ya hivi?"

Mwajabu alivitazama. Mwanawe Sikudhani alizaliwa bila vidole vya mkono wa kulia, na sasa alikuwa na miaka minne. Mwajabu alikumbuka homa iliyomlaza siku mbili. Kumeza dawa hakukumbuka.

Nyuma yake mama mkwe alikuwa akipeta mchele. Yeye alishakata shauri zamani kwamba ule ulemavu ulitoka kwenye damu ya Mwajabu, na tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumpakata.

"Kama hukumbuki, sema tu," mtafiti alisema kwa upole. "Si kosa."

Ungo ukanyamaza.

"Hiki," Mwajabu akasema, akigusa kidonge cha manjano. "Nilipewa cha homa."

"Una uhakika?"

"Nakikumbuka vizuri. Kilikuwa kichungu."

Mtafiti akatia alama kwenye fomu, akashukuru, akaaga.

"Kumbe ni dawa," mama mkwe alisema. "Miaka yote hii, mwanangu, mbona hukuniambia?" Akamvuta Sikudhani, akampakata, akaubusu ule mkono.

Mwajabu aliinuka kumkimbilia mtafiti, amwambie afute ile alama. Alifika mlangoni, akasimama, mkono kwenye komeo. Nje, yule binti alikuwa ameshaanza kubisha hodi nyumba ya pili.