Kidonge cha Mwanakombo

Faki alimkuta mkewe jikoni, amekilaza kidonge chake cha presha juu ya kibao cha kukatia vitunguu, anakipasua katikati kwa kisu.

"Daktari kasema humu mna dawa mbili," alisema Mwanakombo bila kuinua macho. "Basi moja yako, moja yangu. Kichwa kinakuuma kila ukiamka, na hospitali hutaki hata kuisikia."

"Tangu lini?"

"Tangu Idi. Nakusagia kwenye uji."

Faki alitaka kucheka, kisha akavitazama vile vipande viwili. Dawa zilizochanganywa hazigawiki kama muhogo. Mwanamke huyu, ambaye kizunguzungu kilikuwa kimeanza kumrudia, alikuwa akijinyima nusu ya uzima wake kwa ajili ya jitu zima linaloogopa kupimwa. Miaka yote hiyo alidhani anamjua.

Aliokota vile vipande, akamwekea vyote kiganjani.

"Meza vyote, mke wangu. Hiki ni chako peke yako. Halafu vaa buibui lako, twende."

Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa, mkono mmoja ameshaukunja mpaka begani, kana kwamba kipimo kinamngoja pale mlangoni.