Kigari Chekundu Kilichosema Karibu Tena

Siku hizi ukinunua gari la zamani unanunua na kumbukumbu zake, maana sheria inakataza kufuta sura za waliowahi kulipanda. Salha alilijua hilo, ila macho yake yalikuwa kwenye kutu. Alichungulia chini ya kile kigari chekundu chenye mbio za kichaa, akanusa moshi, akambana muuzaji kuhusu giaboksi.

"Dada, unachagua gari au mchumba?" muuzaji akamtania.

"Mume ninaye, na huyo sikumkagua hivi. Mudathiri, hebu liwashe tulisikie!"

Mumewe akasita. "Magari ya mbio mimi siyawezi, mke wangu."

"Liwashe bwana, haling'ati."

Akaketi. Kiti kikarudi nyuma chenyewe, kikamkaa sawasawa, na kioo kikainama usawa wa macho yake.

"Karibu tena," gari likasema kwa upole.

"Limenifananisha," Mudathiri akacheka, akacheka peke yake.

Salha, ambaye hajajaliwa mtoto miaka yote ya ndoa yao, alikuwa ameshafungua mlango wa abiria. Kwenye kiti cha nyuma, mkanda mdogo ukajitokeza taratibu.

"Leo mtoto haji?" gari likauliza.

Salha akaingia, akafunga mlango.

"Lijibu," akamwambia mumewe.