Boya Lililoshinda Mashindano

Wanyama wa ziwa moja tulivu walikuwa na chama cha mashindano ya matanga. Walipanda majani ya yungiyungi, wakasimamisha unyoya uwe tanga, wakaenda kuzunguka boya na kurudi. Boya lao lilikuwa Kiboko, maana alilala kutwa nzima bila kusogea. Mshindi alipewa jiwe la kuotea jua, na kwa mwaka mzima hakuna aliyelikalia bila ruhusa yake.

Kenge ndiye aliyeandika kanuni, na kila mwaka alishinda yeye. Safari hii mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Chura, hodari ila mwenye pupa. Kenge alimhofia, akaongeza kanuni asubuhi ile ile: atakayegusa boya ameshindwa.

"Hata kwa ncha ya mkia, Bwana Kenge?" aliuliza Kobe, mwamuzi.

"Hata kwa ncha ya mkia."

Upepo ulivuma taratibu, kama pumzi ya mtu anayeota. Chura akamgusa Kiboko kwa goti. Kenge akacheka, akageuza tanga, na mkia wake ukampapasa Kiboko ubavuni. Kiboko akatabasamu usingizini, akaanza kuelea, akavuka mstari wa mwisho akiwa bado anakoroma.

Kobe akafungua kanuni. "Aliyefika bila kugusa boya ni mmoja tu."

"Lakini huyo ndiye boya," Kenge akasema.

"Kanuni yako haikumkataza."

Tangu hapo, anayetaka kuota jua huenda kumwomba Kiboko ruhusa. Humnong'oneza sikioni, husubiri kidogo, na kwa kuwa hakukataliwa, hupanda jiweni. Kenge naye hupanga foleni, nyuma ya Chura.