Mihogo ya Pembeni

Lori la kumhamishia Felista na wanawe kijiji kipya kwa nguvu lilikuwa likinguruma barabarani. Jirani aliyewaonyesha mgambo mahali Felista alipojificha akikataa kuhama alikuwa tayari ndani ya bustani yake, jembe begani.

"Shemeji, mihogo mitamu ni ipi?"

Felista alitazama mistari ya karibu na nyumba, iliyolea wanawe. Akatazama na ile ya pembeni, michungu, aliyoipanda kuwakomesha nguruwe pori. Majani yalifanana. Ila hiyo ya pembeni isipolowekwa siku kadhaa, huua.

Akavunja shina moja la pembeni, akafuta utomvu wake kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Ni hii. Usihangaike kuloweka. Chemsheni tu, mle."

Kisha akafungua furushi lake, akamgawia na chumvi.