Wodi Inayotazama Shamba

Wodi ya wazazi ilijengwa kwa kodi ya mitambo ya umeme wa jua, na wa kwanza kuzaliwa humo alikuwa mjukuu wa Bi Sikudhani. Alimbeba hadi dirishani. Ng'ambo ya barabara, paneli zilifunika shamba la mtama alilowaachia wenye mitambo kwa shingo upande.

"Mama, mimi ulinizalia wapi?" binti yake Chiku aliuliza kutoka kitandani.

"Pale, katikati. Tulikuwa tunapalilia na marehemu baba yako. Alivua shati akakufunika, akakuimbia mpaka ukanyamaza."

"Aliimba nini?"

Bi Sikudhani alijaribu kukumbuka. Kivuli cha wingu kilipita taratibu juu ya paneli. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, bila maneno.