Sindano ya Msamaha

Siku hizo, kila aliyeuliwa ndugu yake alichomwa sindano ya kuondoa chuki, atake asitake. Atuganile, mzee wa kanisa kule Tukuyu, alichomwa Jumatano. Tangu mwanawe Subilaga auawe, alikuwa akifunga na kuomba apate kusamehe, maana aliogopa kufa na kinyongo akaukosa uzima wa milele.

Jumapili baada ya ibada, muuaji mwenyewe alibisha hodi. Aliitwa Ambakisye, na alikuwa ametoka gerezani juzi tu. Atuganile alimkaribisha, akamnawisha mikono, akampakulia ndizi za nyama.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusamehe, mwanangu."

Aliingoja ile amani aliyoiombea miaka yote. Haikuja. Uchungu nao haukuja.

"Unajuta lakini?" akamwuliza.

Ambakisye aliitazama sahani yake. "Nilikuwa najuta, mama. Nilikuwa silali. Halafu na sisi wafungwa wakatuchoma yetu, ya kuondoa majuto. Nimekuja kwa sababu nakumbuka kwamba nilitaka kuja."

"Basi tuombe," alisema Atuganile.

Wakainamisha vichwa. Alianza sala ya Bwana kama alivyofundishwa utotoni, lakini alipofika pale pa kuomba tusamehewe kama nasi tunavyosamehe, akanyamaza.

"Umesahau maneno, mama?"

"Hapana. Nayajua yote."

Ambakisye alisubiri, macho ameyafumba. Chakula kilipoa mezani, na Atuganile bado hakuwa ameendelea.